Masika, Kilimia na Bustani ya Nyumbani katika Pwani ya Afrika ya Mashariki

Katika nchi za kaskazini ya dunia miezi ya Machi, Aprili na Mei huitwa majira ya kuchipua, na wenye bustani huko huihofia sakitu irudiyo ghafula baada ya mbegu kuota. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki miezi hiyohiyo ni ya masika. Huku sakitu haijulikani, lakini hofu ni ileile. Mwenye bustani hutia mbegu ardhini kwa kuamini kwamba mvua imefika, kumbe haijafika. Au hungoja hakika, na hakika inapokuja siku za kupanda zimekwisha kupita. Makala haya yaeleza jinsi watu wa pwani walivyojaribu kuyajua masika kabla ya kufika kwake, na jinsi bustani zao zilivyopangwa kwa kuwa ujuzi huo haukupata kutimia. Ndani yake zimo habari za kilimo na habari za maneno pia, maana maarifa mengi ya jambo hili yalihifadhiwa katika majina.

Majina ya majira na ya bustani

Mwaka wa pwani hugawanywa kwa pepo na mvua. Kaskazi huvuma kutoka Desemba hata Machi, ikileta joto, na zamani ikileta vyombo vya Arabuni na Bara Hindi. Kisha huja siku za tanga mbili, au maleleji, ambazo upepo hauna upande mmoja. Katika siku hizo ndimo masika yanamoanza. Kusi hushika mwezi wa Aprili na kuendelea hata Septemba au Oktoba. Ndani yake kimo kipupwe, yaani baridi ya Juni hata Agosti, pamoja na manyunyu ya mchoo. Kusi ikilegea huja demani, na mwisho mvua ndogo za vuli, kutoka Oktoba hata Desemba.

Yafaa kuangalia kwamba katika lahaja za kaskazini, hasa Kimvita, neno mwaka halina maana ya muda wa miezi kumi na miwili peke yake. Hutumika pia kwa mvua kubwa zenyewe, yaani masika. Maana hizi mbili si ajabu kukutana katika neno moja. Kwa mtu alimaye kwa mvua, muda wote uliobaki ni wa kungoja majira hayo au wa kula yaliyotokana nayo.

Majina ya mahali pa kulima nayo yana daraja zake. Konde ni shamba lililofyekwa mbali kidogo na nyumba. Kiunga ni shamba la matunda na mboga lililo pembezoni mwa mji. Bustani, neno la Kiajemi lililopitia Kiarabu, ni mahali palipotengenezwa na kutunzwa kwa mkono. Hapa jina la bustani ya nyumbani latumika kwa kipande cha ardhi kilicho uani au karibu na nyumba, kinacholimwa na watu wa nyumba hiyo, aghalabu wanawake, kwa ajili ya chungu cha nyumbani kwanza na kwa soko baadaye. Humo huwamo mchicha, kunde, bamia, mabilingani, maboga, pilipili, muhogo, viazi vitamu, na juu yake mpapai, migomba, mlimau na mnazi.

Bustani ya kisima na bustani ya mvua

Habari za kale za bustani hizi ni chache, lakini zatosha kuonyesha jambo moja. Ibn Battuta, aliyefika pwani mwaka wa 1331, aliandika kwamba watu wa Mombasa walikuwa na ndizi, malimau na matunda mengine, bali nafaka haikulimwa kisiwani. Ililetwa kutoka pwani ya bara. Chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Mwaka wa 1505 Hans Mayr, Mjerumani aliyesafiri pamoja na jeshi la Wareno la Francisco d'Almeida, aliona Kilwa machungwa matamu, malimau, vitunguu na majani ya harufu katika bustani zilizotiwa maji ya visima.

Shuhuda hizi mbili zatambulisha aina mbili za ukulima katika miji ya pwani. Kulikuwa na bustani ya kisima, ya mwenye nafasi na watumishi, ambayo haikutegemea sana masika. Tena kulikuwa na bustani ya mvua, ya mtu asiyeweza kuchota maji kutwa kwa ajili ya mboga. Wapanda machungwa wa Kilwa waliweza kuyangojea masika kwa utulivu. Mwenye tuta la kunde uani hakuweza. Nafaka yake ya mwaka uliopita ilikuwa imekaribia kwisha mwezi wa Machi, na nafaka mpya isingepatikana ila baada ya miezi kadha. Katikati ya njaa ya ghala tupu na mavuno yasiyofika, kilichomshika mtu ni majani: mchicha na majani ya kunde, ambayo huchumwa yapata wiki tatu au nne baada ya kupandwa. Kwa hiyo kosa la wiki mbili katika kupanda halikuwa dogo. Lilikuwa wiki mbili za chungu kisicho na mboga, katika muda ambao chungu kilikuwa na upungufu wa kila kitu.

Mwaka na miongo yake

Kalenda ya dini haikuweza kumsaidia mkulima. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, nao una siku 354 au 355. Hurudi nyuma yapata siku kumi na moja kila mwaka, hata Ramadhani huzunguka majira yote katika muda wa miaka thelathini na mitatu. Kwa sababu hiyo watu wa pwani walikuwa na mwaka wa pili, wa jua, wenye siku 365, ambao mwanzo wake uliitwa Nairuzi au Siku ya Mwaka. Jina la Nairuzi ni la Kiajemi, na hesabu yake ilitumiwa na mabaharia na wakulima katika bahari yote ya magharibi ya Bara Hindi. Makunduchi, kusini mwa Unguja, siku hiyo yaadhimishwa hata leo kwa jina la Mwaka Kogwa: watu huoga baharini, hupigana kwa magomba, na kibanda huchomwa moto.

Siku za mwaka huo zilihesabiwa kwa makumi, na kila kumi likaitwa mwongo. Miongo ilitajwa kwa idadi ya siku zilizotimia: Kumi, Ishirini, Thelathini, hata Mia, Mia Mbili na kuendelea. Miongo thelathini na sita hufanya siku 360, na siku tano za mwisho hubaki nje ya hesabu. Edward Steere aliieleza hesabu hiyo katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichopigwa chapa mwaka wa 1870. Nahodha alijua kwa mwongo siku ya kufunga safari, na mkulima alijua kwa mwongo siku ya kufyeka, ya kuchoma na ya kupanda.

Uzuri wa hesabu hiyo ni wepesi wake. Haihitaji kitabu wala chombo. Mzee mmoja mwenye kumbukumbu nzuri alitosha kijiji kizima. Lakini ina kasoro iliyofichika. Mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo ya siku, na kalenda ya Nairuzi haikuongeza siku ya mwaka mrefu. Kwa hiyo kila baada ya miaka minne Siku ya Mwaka hutangulia kwa siku moja, na katika karne moja hutangulia kwa siku zipatazo ishirini na nne au ishirini na tano. Zama za Steere iliangukia mwishoni mwa Agosti. Siku hizi, kwa hesabu hiyohiyo isiyokatizwa, yaangukia Julai.

Matokeo yake kwa bustani yaweza kupimwa. Siku ya Mwaka ilipokuwa mwishoni mwa Agosti, mwanzo wa Aprili ulikuwa ndani ya mwongo wa Mia Mbili na Ishirini. Karne moja na nusu baadaye, mwanzo huohuo wa Aprili umo ndani ya mwongo wa Mia Mbili na Sitini. Mtu ambaye angeshika neno la babu wa babu yake, asilibadili, angetia mbegu ardhini zaidi ya mwezi mmoja kabla ya wakati, katika jua kali la kaskazi. Mbegu zingeliwa na chungu na ndege, au zingeoteshwa na manyunyu ya siku mbili kisha zikaunguzwa.

Wataalamu wa lugha watatambua hapa mfanano wa maneno. Mwongo wa siku na mwongo asemaye uongo hutamkwa sawasawa, na wingi ndio uwatenganishao: miongo na waongo. Hakuna dalili kwamba maneno haya yana asili moja. Lakini kosa lenyewe ni la taratibu mno kuonekana na mtu mmoja katika umri wake. Katika miaka arobaini ya ukulima huwa siku kumi, yaani mwongo mmoja tu, na masika yenyewe hutofautiana kwa zaidi ya siku kumi kati ya mwaka na mwaka. Mkulima aliyeona mvua imechelewa mwongo mzima hakuwa na njia ya kujua, kwa hesabu ya Nairuzi peke yake, kama aliyekosea ni kalenda au mvua.

Kilimia

Njia hiyo ilipatikana mbinguni. Kilimia ni jina la Kiswahili la kundi la nyota ndogo zinazoonekana kwa pamoja kama kishada. Shina lake ni lile la kulima, pamoja na kiambishi cha kutendea: ni nyota za kulimia. Jina hili si la Waswahili peke yao. Wazulu na Waxhosa, walio mbali sana kusini, huliita kundi hilo isilimela, kwa shina lilelile na kwa kazi ileile, ingawa majira yao ni mengine. Kuenea huku kwaonyesha kwamba kuzitazama nyota hizi kwa ajili ya kilimo ni jambo la kale kuliko kalenda ya Nairuzi katika nchi hizi, na kwamba Nairuzi ilipofika ilikuta mahali pake pamekwisha kukaliwa.

Kilimia huonekana upande wa magharibi jioni za Machi na Aprili, kila siku kikiwa chini zaidi, hata mwishoni mwa Aprili au mwanzo wa Mei hufichwa na mwanga wa jua lichwalo. Hakionekani tena ila Juni, alfajiri, upande wa mashariki. Siku hizo za kufichwa, zipatazo wiki tano au sita, ndizo za kati ya masika. Wazee wa pwani walikuwa na kanuni juu yake: kikizama wakati wa jua, huzuka wakati wa mvua, na kikizama wakati wa mvua, huzuka wakati wa jua. Kanuni hii ikifikiriwa vema, yaonekana kuwa na maana iliyo wazi. Kama masika yamekwisha kushika mwishoni mwa Aprili, yatazamiwa kuwa yamekwisha mwezi wa Juni. Kama bado jua ni kali wakati huo, mvua haijapotea, imechelewa. Wala mwenye bustani asile mbegu zake za akiba.

Faida ya Kilimia juu ya Mwaka ni hii, kwamba hakihami upesi. Nyota nazo husogea katika mwaka wa jua, lakini kwa siku moja tu katika miaka sabini hivi, yaani kwa kiasi kisichoweza kumdhuru mkulima wala wajukuu wake. Kwa hiyo Kilimia kiliweza kuisahihisha miongo. Mtu aliyesikia kwamba mwongo wa kupanda umefika, na jioni akatazama magharibi akakiona Kilimia kiko juu sana, alijua kwamba hesabu imetangulia. Dalili ya tatu ilikuwa upepo: kaskazi kulegea, siku za tanga mbili kuingia, na kusi ya kwanza kuleta mawingu kutoka baharini. Kalenda ilitaja siku, nyota ikaithibitisha, upepo ukatoa ruhusa.

Hata hivyo dalili zote tatu zilitaja wakati ambao mvua ilipaswa kuja. Hakuna hata moja iliyoweza kuilazimisha, wala kusema itakuwa kiasi gani. Mvua za kwanza zaweza kuwa za siku tatu, kisha likafuata jua la wiki tatu. Masika yaweza kuja kwa wakati wake na kukatika mapema, maua ya kunde yakadondoka. Yaweza kuzidi, yakachukua udongo wa juu pamoja na mbegu, au yakaozesha mizizi ya mabilingani na kuyatia majani ya maboga ukungu. Na mara chache yaweza kuleta jambo ambalo halimo katika kanuni yoyote.

Tarehe 15 Aprili 1872

Siku hiyo, katikati ya masika, kimbunga kiliipiga Unguja. Kisiwa hiki kwa kawaida huwa nje ya njia za vimbunga vya Bahari ya Hindi. Meli za Sultani Barghash zilivunjika bandarini, nyumba zikabomoka, na sehemu kubwa sana ya mikarafuu na minazi ya Unguja, ambayo wengi wameikadiria kuwa theluthi mbili, ikang'oka au kukatika. Pemba haikupata hasara kama hiyo, na tangu hapo ndiyo ikawa na karafuu nyingi kuliko Unguja.

Kimbunga cha mwaka wa 1872 huelezwa kwa kawaida katika historia ya biashara. Katika historia ya bustani kina funzo jingine. Tangu nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa, zama za Seyyid Said, ardhi nyingi ya magharibi na kaskazini ya Unguja iliyokuwa nzuri ilikuwa imetiwa mikarafuu, na mkarafuu mpya humngojesha mwenyewe miaka sita hata minane kabla ya kumpa mavuno. Mtu aliyekuwa na shamba la miti ya namna moja alipoteza kwa siku moja mapato ya miaka mingi. Ama mwenye bustani ya nyumbani, migomba yake ilivunjika, lakini mgomba hutoa machipukizi kutoka shinani. Muhogo wake ulilala, lakini mizizi yake ilikuwa chini ya ardhi. Mchicha na kunde vilipotea, navyo vyaweza kupandwa upya mara maji yakipungua, vikachumwa kabla ya mwezi kwisha. Haifai kusema kwamba maskini hawakuumia. Waliumia zaidi katika nyumba na katika kazi. Lakini kilimo chao kiliweza kurudi katika majira yaleyale, na kilimo cha wakubwa hakikuweza.

Vimbunga vya masika havikuwa vya mwaka huo peke yake. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi, na tarehe 4 Mei 2024 kingine, kilichoitwa Hidaya, kilifika Mafia. Ni vichache mno kuingizwa katika kanuni, lakini vyatosha kuonyesha kwamba majira yanayotegemewa kuliko yote ndiyo pia yenye hatari isiyotazamiwa.

Namna bustani ilivyopangwa

Yote yaliyotangulia yaongoza kwenye neno moja. Watu wa pwani walifanya bidii kuyajua masika, na ujuzi wao ulikuwa wa kweli. Lakini bustani zao hawakuzijenga juu ya ujuzi huo. Walizijenga juu ya uwezekano wa kukosea. Hili laonekana katika kila sehemu ya kazi.

Kwanza ni kuchanganya. Katika tuta moja huwamo mmea wa wiki nne, wa miezi mitatu na wa mwaka. Mvua ikikatika, mchicha hufa, kunde huvumilia, muhogo hungoja. Mvua ikizidi, kunde huoza, na migomba hustawi. Mgeni aliyezoea mistari iliyonyoka huona fujo mahali ambapo pana mizani.

Pili ni kupanda kwa zamu. Mbegu hazitiwi zote kwa siku moja. Fungu la kwanza hutiwa katika mvua za mwanzo, kama bahati. Fungu la pili mvua inapotulia. Fungu la tatu huwekwa. Akiba hiyo hukaa ndani ya kibuyu pamoja na majivu, au juu ya uchaga mahali pa moshi, isiingiliwe na wadudu. Katika nchi ya maweni, mashariki na kusini mwa Unguja, udongo hukaa katika vishimo vya mawe na kukauka upesi, na kwa sababu hiyo kupanda kwa zamu ni lazima zaidi kuliko mahali pengine.

Tatu ni kuchagua mahali. Mpunga hupewa bonde, muhogo hupewa mwinuko. Migomba na mpapai hupandwa karibu na mahali pa kuogea na kuoshea vyombo, vipate maji yasiyotegemea mbingu. Hivyo bustani ya kisima na bustani ya mvua, ambazo zilikuwa mbalimbali katika Kilwa ya mwaka wa 1505, hukutana uani kwa mtu wa kawaida.

Nne ni kuyaacha masika yapite. Nyanya, ambayo Unguja huitwa tungule, haipendi mvua kubwa kwa sababu ya ukungu. Basi miche huoteshwa masika yanapoelekea kwisha, ipandwe kwa ajili ya kipupwe. Vilevile viazi vitamu hutiwa matutani mvua inapopungua. Mtu aliyepoteza mboga zake za Aprili alikuwa na tegemeo la Juni.

Mimea yenyewe ilisaidia. Muhogo, uliotoka Marekani ya Kusini na kuenea katika nchi hizi baada ya kufika kwa Wareno, ulibadili sana hali ya bustani, kwa kuwa waweza kukaa ardhini zaidi ya mwaka pasipo kuharibika. Serikali za kikoloni baadaye zilitoa amri za kuulima kuwa akiba ya njaa. Katika nyumba nyingi za pwani amri hizo zilikuta desturi iliyokwisha kuwako.

Elimu ya hali ya hewa

Mwaka wa 1929 iliundwa idara ya hali ya hewa ya nchi za Afrika ya Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza, makao yake Nairobi, na baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka wa 1977 kila nchi ilishika idara yake. Tangu hapo mvua imepimwa mahali pengi, nayo elimu imepata kueleza mengi. Yastaajabisha kwamba elimu hiyo, baada ya juhudi kubwa, imethibitisha shaka ya mwenye bustani.

Mvua za vuli zimepata ufafanuzi mzuri. Maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yakipata joto kuliko ya mashariki, vuli huzidi. Hali hiyo ilielezwa na wataalamu mwaka wa 1999, na kwayo yafahamika mafuriko ya mwaka wa 1961, ya 1997 na ya 2019. Joto la bahari hubadilika polepole, kwa hiyo vuli zaweza kutabiriwa miezi michache mbele kwa kadiri ya kufaa. Masika hayakukubali kufungwa namna hiyo. Uhusiano wake na joto la bahari ni dhaifu zaidi. Hutegemea sana mawimbi ya hewa ya muda mfupi, likiwamo lile lizungukalo nchi za joto kwa siku thelathini hata sitini, lililoelezwa mwaka wa 1971, ambalo huleta wiki ya mvua na kuondoka nayo. Kimbunga cha mbali chaweza kuyavuruga pia: Machi 2019 kimbunga Idai kilichoipiga Beira kilivuta unyevu kusini, na masika ya mwaka huo yakachelewa katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki.

Hata mwendo wa miaka mingi una utata. Tangu miaka ya 1980 hata karibu na mwaka wa 2010 vipimo vilionyesha masika yakipungua, hali hesabu za wataalamu wengi zilitabiri kuongezeka. Baadaye zikaja mvua kubwa za mwaka wa 2018, ukame mkali wa 2022 katika kaskazini na mashariki ya Kenya na nchi za jirani, kisha mafuriko ya 2024. Kwa mtu anayelima uani, habari hizi zote zamrudisha penye swali la babu zake: mvua hii ni ya kupandia, au ni ya kudanganya?

Utabiri wa siku chache mbele, unaotolewa na idara za hali ya hewa, umekuwa sahihi zaidi kuliko zamani, nao ni msaada ambao Kilimia hakikuweza kuutoa. Lakini utabiri hausemi nini kifanyike mbegu zikifa. Hilo limo katika mpango wa bustani, na mpango huo umo katika hatari ya kusahauliwa kwa sababu mbili. Miji ya pwani imepanuka, na viunga vingi vimekuwa mitaa ya nyumba, visiwe na ua wa kulimwa. Tena mbegu zinunuliwazo dukani hupandwa zote kwa siku moja, hakuna akiba juu ya uchaga.

Kazi inayobaki kwa wanafunzi wa lugha

Kamusi nyingi zaeleza Kilimia kuwa ni kundi la nyota, na mwongo kuwa ni muda wa siku kumi, au siku hizi muda wa miaka kumi. Maelezo hayo si makosa, ila yameacha nje kazi ya maneno hayo. Neno Kilimia bila kanuni ya kuzama na kuzuka ni jina la pambo la mbinguni. Mwongo bila kuhama kwa Siku ya Mwaka ni tarakimu. Vivyo hivyo tanga mbili, mchoo na mwaka wa Kimvita ni maneno yaliyokuwa vyombo vya kazi kama jembe na mundu, na chombo hakielezwi kwa umbo lake peke yake.

Walio na maneno haya kwa ukamilifu wengi wao ni wanawake wazee wa mashamba ya Unguja, Pemba, Mafia, Mrima na Lamu, ambao wamepanda kwa zamu katika masika hamsini au sitini. Waandishi waliokusanya msamiati wa pwani katika karne ya kumi na tisa na ya ishirini walikaa zaidi na mashehe, manahodha na washairi. Kwa hiyo majina ya sehemu za jahazi yamehifadhiwa vema kuliko majina ya hali za mbegu, ya aina za kunde na ya namna za mvua. Upungufu huo waweza kuondolewa wakati wenyewe wangali hai. Mwenye kuukusanya msamiati huo na afike mwezi wa Machi, kabla ya mvua, wakati kibuyu cha mbegu kinapoteremshwa kutoka uchagani, na akae hata Juni Kilimia kitakapozuka.